Jina Jipya la Ming'oko

Krr! Krr! Pwaa!

Mmesikia?

— Tumesikia!

Usiku wote huu, nani anachimba?

— Mwenye njaa!

Na nani halali?

— Mwenye watoto!

Basi sogeeni, niseme upesi kabla hajafika.

Hapo kale Sange, yule mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu kama mrija, alijifungua pacha. Hata macho hawajafungua, akawalaza kwenye majani makavu chini ya shina la ming'oko. Ming'oko mnaijua: mizizi mitamu, ukiichemsha huachi hata ganda. Na hiyo krr, krr, pwaa ilikuwa pua ya Nguruwe Mwitu, anafukua shina la jirani. Akimaliza hilo, kesho ni hili. Sange akawakumbatia wanawe, moyo du-du-du, akasema, "Mungu wangu, kesho atanichimbia watoto, na watoto hawabebeki, na aliyemwonyesha ni mimi!"

Alimwonyeshaje? Msitu ule ulikuwa na desturi. Ukiona mmea, unakwenda kwa Shangazi Kasuku, unasema, "Nimeona mmea fulani, mahali fulani," naye anauweka kichwani. Mgonjwa akitaka dawa, anamuuliza Kasuku. Mwenye njaa akitaka chakula, anamuuliza Kasuku. Jambo jema, la wote. Ila Nguruwe, kila alfajiri, alisimama chini ya mti akanguruma, "Kasuku! Ming'oko iko wapi?" Kasuku anataja, Nguruwe anachimba. Kasuku anataja, Nguruwe anachimba. Hakumbakizia mtu hata mzizi wa kuonja. Na shina lile lilitajwa na Sange mwenyewe, kabla hajawa mama, siku zile za kupenda kusifiwa macho makali.

Jua halijatoka, akakimbia, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kasuku. Akawakuta Digidigi na Nungunungu wanangoja kuuliza mambo yao, hakuwajali, akawapita katikati.

"Shikamoo shangazi, nakuomba ulifute shina langu, sikuliona, niliota, lilikuwa jiwe!"

"Marahaba. Kilichoonekana hakifutwi, mwanangu."

"Basi libadilishe jina, sema ni upupu, awashwe!"

"Jina hubadilika wakikubaliana wawili. Na likibadilika, linabadilika kwa mashina yote, ya jana na ya juzi, yote yanahamia jina jipya. Mmoja ni wewe. Wa pili nani?"

Sange akatazama huku, akatazama kule. Pu! Pu! Pu! Nguruwe huyo, anakuja kuuliza chakula cha asubuhi. Lakini mdomo wa mama mwenye hofu haungoji ruhusa.

"Shikamoo Bwana Mkubwa! Afadhali umekuja, maana tunagombana hapa, mimi nasema ni aibu, aibu kubwa, mmea mtamu namna ile uitwe ming'oko, ming'oko ndiyo nini, jina halina hata ukoo, na wote tunajua nani anaupenda, nani anaujua mpaka mzizi wa mwisho! Mimi nasema uitwe mnguruwe!"

Nguruwe akasimamisha masikio. "Uitwe nini?"

"Mnguruwe! Mti wa embe si mwembe? Basi na mmea wa Nguruwe ni mnguruwe."

"Simba anao wake?"

"Hana hata jani, Bwana Mkubwa."

Nguruwe akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kijipua wewe, mwili huna lakini akili unazo. Nakubali!"

"Wawili," akasema Kasuku. Akafumba macho, akatikisa manyoya, prrr! Mashina yote ya ming'oko yakahama. "Mnguruwe. Tayari."

"Haya," akasema Nguruwe, mate yanamdondoka, "huo mnguruwe uko wapi, nianze?"

Kasuku akafumbua jicho moja. "Uanze nini?"

"Kula!"

"Kula jina lako?"

Mwiko wa msitu ule waliujua hata kumbikumbi: huli kinachobeba jina lako. Anayekula jina lake amejila mwenyewe, na aliyejila mwenyewe hana ukoo, hakaribishwi hata penye maji.

"Rudisha ming'oko!"

"Wakikubaliana wawili. Wewe mmoja. Wa pili?"

Sange akawa anachunguza kucha zake. Digidigi akakohoa. Nungunungu akakumbuka ana safari.

Tangu siku hiyo msitu ukala, ukashiba.

"Jirani, leo umechemsha nini?"

"Mnguruwe!"

"Umeiva?"

"Umeiva mpaka unapasuka!"

Nguruwe akipita anainamisha kichwa, anatafuna nyasi. Ukimuuliza habari anasema, "Nimeheshimiwa."

Pacha wakafungua macho, wakaanza kurukaruka. Sange akatoka kutafuta wadudu mbali, ng'ambo ya kijito. Nyuma ya kichaka akasikia kwacha, kwacha, kwacha. Akachungulia. Lo! Nguruwe, mzizi unaning'inia mdomoni.

Sange alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Lakini aliyeanza kutetemeka ni Nguruwe.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Nimeona nguruwe anakula mnguruwe."

"Mama Pacha, nakusihi! Nitakula huku huku tu. Kijito sivuki, watoto wako siwakaribii, naapa. Usiniseme!"

Sange akainua macho. Juu ya tawi, Kasuku, jicho moja wazi.

"Mimi? Sitamwambia mtu mwingine," akasema Sange.

Funzo, basi: mambo ya majina waachiwe wakubwa, wadogo wasitie pua. Na mkubwa akitaka heshima mpeni, tena mpeni nyingi, mpaka ashibe.

Ngano yangu imekata mzizi. Niliisikia kwa Kasuku, naye aliniapisha nisimwambie yeyote. Mimi nimewaambia ninyi tu. Na ninyi je?

— Hatutamwambia mtu mwingine!