Ngozi ya Zimwi

Alfajiri ya Ijumaa, ngozi ya zimwi iligandamana na mwili wa Mshi. Sikieni, jamaa: kijiji kizima kilivaa ngozi hizo ili zimwi lisiwale. Kila kulipokucha liliwauliza, “Nyinyi nani?” nao wakanguruma, “Mazimwi!”

Mshi akaivuta mkononi, haikubanduka. Akaivuta shingoni, haikubanduka. Akasema, “Mola wangu, uliniumba mtu, nisaidie.” Akavuta tena, ikabanduka yote.

“Ivae, mwanangu! Utatuponza!” mama yake alilia.

Zimwi likafika. “Na wewe uliyenyonyoka, nani?”

“Mimi mtu. Mshi wa Bakari.”

Likammeza. Hakuna aliyesogea.

Kesho yake zimwi lilipopiga mwayo, sauti ilitoka tumboni: “Mimi mtu.”

Mama yake akashika ngozi yake mwenyewe, akavuta. Haikubanduka.