Mbegu ya Nakijwa

Nitoe, nisitoe?

Toa, tuipokee!

Hapo zamani, si zamani sana, maana nailoni ilikuwa imekwisha kufika, aliishi mwanamke jina lake Namkunda. Nyuma ya nyumba alikuwa na banda la nailoni, na humo alipanda nyanya za mbegu ya marehemu mama yake, Nakijwa. Mbegu hiyo hakuwa nayo mtu mwingine. Kila mwaka Namkunda alikamua nyanya chache, akaanika mbegu juu ya jivu, akazifunga kitambaani. Lakini mwaka mmoja alizipanda zote, asibakize hata moja.

Bandani waliishi watatu: Kinyonga, Chura na Buibui. Walikula wadudu, nyanya zikastawi.

Siku moja Sisimizi akabisha hodi. Sisimizi alifuga vidukari, vile vijidudu vinavyonyonya majani, kama watu wafugavyo ng'ombe, akiwakamua utamu wao. Lakini kila alipowapeleka kwenye majani ya nyanya, waliliwa na wale watatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Shangazi, unaishi na Kinyonga? Mnyama wa mkosi! Majirani wanakucheka."

Namkunda akaona haya. Akamtoa Kinyonga kwa fimbo.

Siku ya pili: "Shangazi, na yule Chura? Si atakuambukiza vipele vyake?"

Akamzoa Chura kwa koleo, akamtupa barabarani.

Siku ya tatu: "Shangazi, penye utando pana mvivu."

Akachukua ufagio, akamfagia Buibui na nyumba yake.

Siku ya nne Sisimizi hakubisha hodi. Aliingia na mifugo yake yote.

Majani yakanata, yakajikunja, yakawa meusi. Namkunda akapuliza maji ya sabuni. Akanyunyiza jivu. Akatwanga mwarobaini, akapuliza tena. Walikufa mia, wakazaliwa elfu. Dawa ya jikoni humsaidia mlinzi. Lakini haiwezi kushika zamu ya mlinzi.

Akamtafuta Buibui: kuku alikwisha kumla. Akamtafuta Chura: alikwisha kukanyagwa. Kinyonga alimkuta mbali, juu ya mti wa mnyaa, kwenye ua wa mpakani.

"Baba Kinyonga, rudi, nakuomba."

"Nitarudi, mwana wa Nakijwa. Ila mwendo wangu unaujua. Nibebe."

Namkunda akanyoosha mkono. Akauona ule mkia uliojiviringa, yale macho yanayozunguka. Akaurudisha mkono.

"Njoo tu kwa miguu yako," akasema.

Kinyonga akainua mguu mmoja, akayumba, akaushusha. Akainua wa pili. Alitembea siku tatu. Alipofika mlangoni, alikuta mashina makavu, na Namkunda ameketi na kitambaa kitupu.

"Mama yako alinibeba kiganjani kila masika," akasema Kinyonga. "Alikufa mzee, na hakupata mkosi."

Namkunda akakikunja kile kitambaa. Akasikia sauti upande wa pili wa ua, kwa jirani:

"Shikamoo, shangazi."

Wanangu, anayemsema vibaya mlinzi wako, mwulize kwanza yeye anafuga nini.

Ngano yangu naishusha hapa. Mwenye kitambaa aifunge; asiye nacho aishike mkononi, isimdondoke.