Mkeka wa Mwisho wa Bi Mayasa

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, siku ya Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, mke wangu Mayasa alifumbua kinywa mbele ya daktari wa meno, na Mungu akatuonyesha uwezo Wake. Nisikilizeni polepole, maana nami nasema polepole. Mwisho nitawauliza neno.

Mayasa alikuwa msusi wa mikeka hapa Ujiji. Wapo wasusi wanaobana ukindu, yale majani ya kusukia, kwa meno wakati wa kuuchana, naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa pia mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Ikafika siku akaacha kusuka. Ukili wake, ule mkanda aliokuwa ameanza kuusuka, ukabaki umening'inia msumarini hadi ukakauka. Akaacha kucheka. Akaacha dawa kwa siri, akawa anazitupa chooni. Ukimuuliza hali, anajibu, "Alhamdulillahi." Sisi wa nyumbani tukasema ni sukari tu, itapungua. Kumbe mwenzetu alikuwa amekaa anangoja kufa.

Kisha meno yakaanza kulegea. Akakataa hospitali. Ndipo akaja dada yangu Chausiku, mwenye ulimi wa pilipili.

"Wifi, twende kwa daktari wa meno."

"Niache, wifi. Nimechoka."

"Utachokea huko njiani. Mdomo ukinuka hivi, hata malaika wa kaburini watakuuliza maswali wakiwa wamesimama mbali."

Mayasa hakucheka, lakini aliinuka. Chausiku akamfunga mtandio, akamshika mkono, wakaenda. Ya chumbani alinisimulia yeye, maana aliingia naye.

Daktari aliitwa Ezrom. Katika chumba kile ilikuwa desturi: mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, wa sukari au presha au pumu, huulizwa maswali mawili kabla ya kuguswa jino. Huulizwa kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, na kama amekuwa mnyonge, amekata tamaa.

Mayasa akajibu yote mawili kwa neno moja. "Alhamdulillahi."

Nje foleni ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wanakohoa ili wasikike. Daktari akaweka taa, akatazama.

"Jino gani linauma, mama?"

"Ng'oa yote, mwanangu."

"Haya ya mbele ni mazima."

"Sina kazi nayo tena."

Daktari akainama zaidi. Kwenye jino la mbele aliona kijifereji, chembamba kama uzi. Ukindu wa miaka arobaini ulikuwa umepita pale. Subhanallah. Sisi tulikuwa tumeusahau ule ukili msumarini, lakini jino lilikuwa bado linaikumbuka kazi.

"Mama, wewe ni msusi?"

"Nilikuwa."

Daktari akaweka koleo chini. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye.

"Ulipenda kusuka?"

"Sana."

"Alhamdulillahi yako ni shukrani, mama, nami naiheshimu. Sasa nipe na jibu."

Mayasa akalia. Chausiku anasema hajapata kusikia kilio kile, hata msibani. Akasema dawa anatupa. Akasema kila asubuhi anasikitika kwamba ameamka. Daktari akamwambia, "Hiyo ni sonona, mama. Ni ugonjwa, si upungufu wa imani, na unatibika." Siku ile hakung'oa jino hata moja. Alitoka mwenyewe kwenda kumwita muuguzi wa wagonjwa wa sonona, Sista Felista.

Sista alimwanzishia matibabu. Na kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, alikuja hapa nyumbani na furushi la ukindu, akasema, "Mama, nifundishe." Alisuka vibaya, Mungu amsamehe. Mayasa alikuwa akimtazama tu. Ijumaa moja uvumilivu ukamwisha.

"Sista, huo ni mkeka au kiota cha kunguru? Lete hapa."

Akaunyakua ule ukili, akaufumua, akaanza kusuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikaingia, nikamsogezea furushi la ukindu.

Aliishi tena miaka sita, anakunywa dawa, anasuka, anamrudishia Chausiku matusi yake. Kisha figo zikachoka. Siku ya kufa aliniita, akanionyesha mkeka wa mwisho.

"Mpe aliyenirudisha."

"Nani huyo, Mayasa?"

"Utamjua," akasema, akageukia kibla.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, nikauweka mkeka katikati, nikawauliza wote watatu.

Chausiku akasema, "Kaka, ni wangu. Daktari anaangalia kinywa kilichofika mbele yake. Nani alikifikisha? Nyinyi mlimwacha alale."

Daktari Ezrom akasema, "Sikuja kudai kitu, mzee. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitasema kweli. Angefika tu, nami nisiulize zaidi, ningemng'oa meno, na angerudi kungoja kufa vilevile. Mimi niliuliza mara ya pili, na foleni ikinisubiri."

Sista Felista akasema, "Kulijua jina la ugonjwa si kupona. Mlango ulifunguliwa, sawa. Ni nani aliyeingia ndani akakaa naye mpaka mikono yake ikarudi?"

Chausiku akasema, "Basi tuukate vipande vitatu."

Nikamwambia, "Dada, mkeka ukikatwa unafumuka."

Mkeka upo hadi leo, umekunjwa juu ya kabati. Kila ninapotaka kumpa mmoja, naona mikono ya wawili wengine.

Wasikilizaji wangu, mmoja aliuleta mwili, mmoja aliusoma, mmoja aliurudishia kazi yake. Je, nani alimrudisha Mayasa? Mkeka nimpe nani?

Na mnapofikiri, semeni nami amina. Ee Mola, mrehemu Mayasa, mpanulie kaburi lake, yafanye mepesi maswali yake. Mtandikie Wewe, ya Rabbi, maana mkeka wake sisi bado tumeukunja. Amina.