Pimbi na Zoezi la Kutulia

Paukwa, mlioketi.

— Pakawa, tumeketi.

Sogeeni, sauti yangu ni ndogo.

— Tumesogea.

Basi ilikuwa hivi. Kiangazi kimoja maji yalikauka kila mahali, kikabaki kisima kimoja chini ya kilima. Nyati akaja, gudu gudu gudu, akasimama mbele ya kisima.

"Kuanzia leo maji ni ya wenye nguvu," alisema. "Kila asubuhi mtafanya mazoezi. Mtazunguka kilima pamoja nami. Anayeweza anapata fungu lake. Anayeshindwa anakosa, na fungu lake linakwenda kwa aliyeweza."

Aliyeweza alikuwa yeye peke yake. Wanyama walikimbia, wakachoka, wakaketi. Nyati akanywa mafungu yao, gubu gubu gubu.

Sasa, Pimbi ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana hata mkia. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, jina lake Kidoti. Kidoti hakunywa tangu jana. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na hata kulia alikuwa ameacha.

"Leo mwanangu atakunywa," Pimbi alisema. Akakimbia, tu tu tu. Jua likapanda, akakimbia, tu tu tu. Akayumba, akakimbia tena.

Kanga alimwona. "Mama Kidoti, nipe mtoto nimfunike na bawa langu. Jua linamwunguza."

"Ahsante, dada."

Kobe naye akamwambia, "Pumzika kidogo, mwanangu."

"Nikipumzika nakosa fungu, babu."

"Na ukianguka utalipata?"

Pimbi akatazama miguu yake. Ilikuwa inatetemeka yote minne. Akaona kweli, kwa miguu hii hafiki. Lakini Kidoti lazima anywe. Akapanda juu ya jiwe, akajilaza, akafumba macho.

Nyati akafika, gudu gudu gudu. "Umeshindwa wewe. Fungu lako ni langu."

"Taratibu, Mjomba, utaniharibia zoezi."

"Zoezi gani, na umelala?"

"Zoezi la kutulia. Hizo mbio ni za wanaoanza. Hili ndilo gumu, na wenye nguvu kama wewe huwa hawaliwezi. Nguvu zinawawasha."

Nyati akacheka. "Kulala tu? Nikiliweza?"

"Basi mafungu yetu sote ni yako. Usipoliweza, lako ni letu. Si ndiyo amri yako mwenyewe?"

Nyati akajitupa chini, puu.

"Mkia unacheza, Mjomba."

Nyati akatuliza mkia.

"Sikio linacheza, Mjomba."

Nyati akatuliza sikio.

"Jicho linacheza, Mjomba."

Nyati akafumba macho. Naye alikuwa amechoka, maskini. Kukimbia kila siku na kulinda kisima kila siku, nani angemwambia apumzike? Haukupita muda, krooo, fyuuu, krooo, fyuuu.

Pimbi akamchukua Kidoti, akateremka kisimani kwa vidole. Kidoti akanywa, chwi chwi chwi, mpaka akaanza kulia tena, na mama yake akafurahi kusikia kilio kile. Wote wakanywa. Halafu wakajilaza kivulini, hata Kobe akatoa shingo nje.

Nyati alipoamka akauliza, "Nimeshinda?"

"Ulikaribia, Mjomba," Pimbi akasema. "Mkia ulitulia, sikio lilitulia. Lakini taya. Ulikuwa unacheua usingizini, taya linakwenda huku na huku. Wote tumeona."

Wote wakaitikia kwamba wameona.

Nyati akainamisha pembe. Amri ilikuwa yake. "Na maji?"

"Tumekubakizia. Kunywa, Mjomba, una kiu."

Akanywa. Kisha akasema kwa hasira, "Kesho nalala tena. Nitaliweza tu hili."

Kesho yake akalala tena, taya likacheza. Keshokutwa vilevile. Hajakata tamaa mpaka leo. Ukimwona nyati amelala kivulini mchana, jicho amefumba, taya linakwenda, usimsumbue. Yuko mazoezini, na wenzake wako kisimani wanakunywa.

Fundisho lake, wanangu, ni hili: msione haya kupumzika. Mkichoka, jilazeni. Miguu ikitetemeka, tulieni mfikiri. Pimbi alijilaza mara moja tu, akapata kisima kizima.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aje aibebe asubuhi, maana mimi sasa najilaza.

— Lala, mama, tumesikia.