Mchoma Chokaa na Kaburi la Mnara

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la chokaa, mke mgonjwa, na nadhiri. Jina lake Mshangama. Tanuri alilirithi kwa baba yake, pembeni mwa Shumbani. Mkewe, Bi Mwatime, homa zilikuwa zikimwacha na kumrudia. Akipewa dawa hospitali anapata nafuu, kisha analala tena. Na nadhiri Mshangama aliiweka siku alipomwona mkewe anashindwa kuinua kata ya maji. Alisema moyoni: mwezi wa Shaabani ukiingia nitauzuru mji wa kale, kila mahali patakatifu, nisiruke hata mahali pamoja, na sirudi bila dawa.

Mji huo wa kale uko msituni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Watu wake waliondoka zamani, na aliyejua sababu naye hayupo. Yamebaki malango, msikiti mkuu usio na paa, visima, nyumba ya mfalme iliyorithiwa na popo, na makaburi ya mawalii. Kubwa kuliko yote ni kaburi la mnara: nguzo nene ya mawe ya matumbawe, imepakwa chokaa nyeupe, na huko juu karibu na kilele zimepachikwa bakuli za Kichina. Watu wa ziara husoma dua, hufukiza udi, hunyunyiza marashi. Kisha kila mmoja hutoa kisu, akakwangua ukuta kidogo, na lile vumbi akalifunga katika kitambaa. Nyumbani hutiwa majini, mgonjwa akanywa. Ndivyo walivyofanya wazee, na hakuna aliyeona ubaya. Kwani mtu mmoja huchukua kiasi gani? Chembe tu.

Mshangama alikwenda na wenzake wa mtaani. Wao walipumzika vivulini, yeye hakupumzika. Alikwangua langoni, akakwangua kibulani mwa msikiti, pale imamu aliposimama, akateremka kwenye kisima kikavu akakwangua huko nako, miiba imemchana miguu, kanzu imelowa jasho. Mbaruku mshona viatu, mtu wa mzaha, alimpigia kelele: "Polepole, bwana! Hao wamelala miaka na miaka, hawaendi popote!" Mshangama hakugeuka. Alikuwa akiiona kata ya maji tu, na mkono wa mkewe ukitetemeka.

Akafika kwenye mnara. Kwa mbali ulikuwa mweupe kama jino. Kwa karibu, kuanzia chini hadi pale mkono wa mtu unapofika, haukuwa na chokaa hata kidogo. Mawe yalikuwa wazi, na katikati ya mawe mashimo, na nguzo imekondeana kiuno kama nyigu, imeanza kuinama. Bakuli za juu zilikuwa nzima. Palipofikiwa na mapenzi ya watu paliliwa, na pasipofikiwa palisalimika.

Alipiga magoti, akasoma dua, akapenyeza kisu. Kiliingia kwa urahisi, maana tundu lilikuwepo. Akalitambua. Alilichimba mwenyewe, mwaka alioumwa mama yake.

Jiwe likacheza. Mchanga ukaanza kumwagika, laini, bila kukoma, na ndani ya nguzo kikasikika kitu kama mtu anayesaga meno. Mshangama aliinua macho. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari, naye alijua mvua hufanya nini ikipata tundu. Hii nguzo isingeiona Idi.

"Toa upesi, watu tunangoja," Mbaruku alisema nyuma yake. "Au mkeo atakunywa huruma?"

Mwingine akadakia, "Kama hutaki, tupishe wenye wagonjwa."

Mshangama alilisukuma jiwe mahali pake kwa kiganja, akaukinga mchanga hadi ukatulia. Akainuka, akawapisha. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele peke yake, na kitambaa chake kilimwelemea kana kwamba amebeba mawe.

Nyumbani alikiweka kitambaa miguuni pa mkewe, akamweleza yote bila kuficha: kwamba nadhiri yake imeingia pengo, kwamba dawa kubwa hakuichukua, kwamba lile tundu ni lake. Alingoja alaumiwe. Bi Mwatime alikifungua kitambaa, akalitazama lile vumbi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi alisema:

"Mume wangu, mponyaji ni Mungu. Lakini wewe umezeeka unachoma chokaa, hujampelekea yule walii hata kapu moja, leo umekwenda kumkwangua?"

Mshangama hakulala usiku huo. Alipanga kuni, akapandisha matumbawe juu yake, akawasha tanuri. Majirani walipita wakaona moshi, wakasema: mkewe anaungua kwa homa, yeye anawajengea wafu. Aliwasikia, akazidi kuchochea. Mawe yalipoiva akayamwagia maji, yakatutumka, yakavunjika yakawa unga. Bi Mwatime alitolewa nje na kigoda chake, amejifunika kanga mbili, akawa anachekecha; akichoka anaegemea ukuta, akipata nguvu anaendelea. Hakutaka kuambiwa aache. Kisha wakapakia makapu katika gari la punda, naye juu ya makapu, wakaenda msituni.

Mshangama alianza na tundu lake. Alipolimaliza akashika la jirani yake, bila kuuliza ni la nani. Mkewe alimkandia chokaa na mchanga kwa mikono, yeye akajaza, akapaka, akasugua, hadi tone la kwanza lilipomwangukia shingoni. Masika yakashuka yote. Mnara haukuanguka. Homa za Bi Mwatime ziliendelea kuja na kwenda, naye akameza dawa zake za hospitali, na siku alizopata nguvu alisema, "Leo tunapeleka makapu mangapi?"

Baada ya Idi watu wa ziara walirudi. Mbaruku alikwenda moja kwa moja kwenye chokaa mpya, akatoa kisu, akakwangua, akalifunga lile vumbi na kulibusu. Chokaa ile angeipata mlangoni pa tanuri la Shumbani, bila miiba wala safari. Mshangama alikuwapo. Hakumkemea, maana angemkemeaje? Alichota chokaa mbichi kwa mwiko, akapiga magoti kando yake, akapaziba palepale, kisu cha mwenzake hakijarudi hata mfukoni. Mbaruku akabaki amesimama na kitambaa chake mkononi, hajui akiweke wapi.

Ndugu zangu, sote tumeikuta dini imesimama, imejengwa na mikono tusiyoijua. Tukiwa na shida tunakuja, tunachukua chembe yetu, tunaondoka, na kila mmoja anajiambia ni chembe tu. Basi siku wanetu watakapokuja hapa na wagonjwa wao, je, watakuta ukuta wa kuushika, au watakuta alama za visu vyetu?