Jina la Mbelwa Kwenye Orodha ya Barabara

"Mfu huandikwa, haitiki." Mmeyasikia maneno hayo asubuhi kwenye mkutano wa shule, yule mama alipotaka kuonyeshwa madawati yaliyonunuliwa, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa kwenye barabara hii mnayopita kila siku kwenda stesheni, na mwanzo wake ni huu.

Wakati wa Waingereza, Serikali ilitoa fedha nyingi kuichonga barabara hiyo mlimani. Msimamizi alikuwa Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kiko. Chini yake alikuwepo nyapara aitwaye Kalaghe, mtu wa maneno machache na kiboko kirefu. Vibarua walikuwa sitini. Wote walijuana, maana walikula pamoja na kuumia pamoja.

Mmoja wao alikuwa Mbelwa bin Shemhilu. Siku moja, pale kwenye kona kali, jiwe liliporomoka likamwangukia, akafa papo hapo. Wakamzika hapohapo kando ya barabara, kwa sababu Kalaghe hakutaka kazi isimame. Mkewe, Zaina, alipokwenda kuuliza fidia, aliambiwa kwamba mshahara wa mtu hukoma siku anapokufa. Akapewa blanketi moja, akarudi nyumbani.

Miaka miwili ikapita. Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Dar es Salaam. Huko makao makuu walikuwa wameanza kuwa na shaka: fedha zinaisha haraka kuliko barabara inavyosonga. Mkaguzi alisema ataisoma orodha ya vibarua mwenyewe, jina kwa jina, na kila mtu aitike mbele yake.

Basi Kalaghe akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Orodha ilikuwa na majina tisini na mawili. Sitini yalikuwa ya watu walio hai na wako kazini. Thelathini na mawili yaliyobaki yalikuwa ya watu walioaga dunia, na kila mwezi mishahara yao ilitolewa. Nani aliyeipokea, hakuna aliyethubutu kuuliza. Kalaghe alitafuta wanaume thelathini na wawili, akampa kila mmoja jina la marehemu wa kuliitikia. Atakayekubali atapata shilingi mbili. Atakayekataa atadaiwa kodi ya kichwa papo hapo, na asiyekuwa nayo atakwenda jela.

Jina la Mbelwa alipewa mdogo wake, Mdoe. Huyo Mdoe ndiye baba yangu mzazi. Alikuwa hajalipa kodi mwaka ule, na Kalaghe alilijua hilo.

Jioni baba alikwenda kwa Zaina. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Shemeji, kesho nitaitwa Mbelwa."

Zaina aliacha kupepeta mchele. "Na utaitika?"

"Nisipoitika nafungwa. Watoto watakula nini?"

"Sikukatazi, shemeji. Lakini niambie kitu kimoja. Ukiitika wewe, mimi nitakuwa mke wa nani?"

Baba aliaga akaondoka. 

Kesho yake watu walipangwa safu mbele ya kambi ya barabara. Wanawake waliamriwa wakae mbali, lakini walisogea mpaka wakawa wanasikia. Mkaguzi alikaa mezani. Alikuwa Mzungu mwembamba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza kitabuni, kila neno akilitamka peke yake. Bwana Kiko alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Majina yakaanza kusomwa. "Naam!" Mtu anapita mbele. "Naam!" Mwingine anapita. Likaja jina la kwanza la marehemu, mtu akaitika. Likaja la pili, mtu akaitika. Bibi mmoja alipomsikia mgeni akiitikia jina la mwanawe, alijifunika uso kwa kanga.  Kila mtu alikuwa akitazama chini.

"Mbelwa bin Shemhilu!"

Hakuna aliyepita mbele.

Baba aliniambia kwamba sauti ilikuwa tayari kooni, ila haikutoka. 

"Mbelwa bin Shemhilu!"

Kalaghe alipita nyuma ya safu, akamgusa baba kisigino kwa kiboko. Bwana Kiko akainama, akamwambia mkaguzi jambo kwa Kiingereza. Mkaguzi alitikisa kichwa, akaita mara ya tatu.

Zaina akatoka katikati ya wanawake. Kalaghe alimwendea mbio amzuie, lakini mkaguzi aliinua mkono.

"Mama, wewe unataka nini?"

"Huyo unayemwita ni mume wangu, Bwana. Yupo hapa karibu. Twende nikuonyeshe."

Walikwenda, na safu nzima ikawafuata. Kwenye ile kona Zaina alisimama kando ya rundo la mawe lililoota majani.

"Ni huyu. Jiwe lilimwua mwaka juzi, mwezi wa Mfungo Tatu. Mwite tena kama unataka. Mmemwandika, lakini haitiki."

Mkaguzi aliifunua orodha. Mwezi uliopita Mbelwa alikuwa amevunja kokoto siku ishirini na sita.

"Nani aliambiwa kuitika?" akauliza.

Baba alimtazama Kalaghe, akamtazama na Zaina. Akasogea mbele. "Mimi, Bwana. Ni kaka yangu. Sikuweza."

Hapo mzee mmoja naye akasogea. "Na mimi si Kihiyo. Kihiyo alikufa kwa homa." Akaja mwingine, na mwingine, kila mtu akimrudisha marehemu wake, mpaka thelathini na wawili wakatimia.

Kalaghe alifungwa miaka mitatu huko Tanga. Bwana Kiko hakufungwa. Tulisikia kwamba alihamishwa wilaya nyingine, na fedha alizodhaniwa kuzila hazikuonekana tena. Zaina hakupata hata senti ya fidia. Baba naye alikamatwa kwa ile kodi kabla mwezi haujaisha, akakaa jela miezi miwili, na mama mkubwa Zaina ndiye aliyewalisha watoto wa baba.

Nyapara mpya alipofika, aliwakusanya watu awasomee orodha yake. Kabla hajafungua kinywa, yule bibi aliyejifunika uso siku ile alimwuliza, "Baba, hao uliowaandika, umewaona kwa macho yako?"

"Kwa nini unauliza, bibi?"

"Kwa sababu hapa kwetu tumeshajua," akasema. "Mfu huandikwa, haitiki."