Chupa ya Mtoto Mmoja

Ndugu zangu, nani hapa anajua chupa moja ya chanjo ya surua inatosha watoto wangapi? Kumi. Ikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana nesi wa zahanati ndogo husubiri watoto wafike kumi ndipo aifungue.

Basi, nesi mmoja wa kijiji cha mpakani alimpokea mama mkimbizi saa mbili asubuhi. Mama alikuwa amevuka mpaka jana yake, na mgongoni ana mtoto wa mwaka mmoja. Lori la kambini lilikuwa linaondoka saa nne, na kambini surua ilikuwa imeshaingia. Nesi akachukua chupa.

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kupima presha, akamwona.

"Nesi, chupa nzima kwa mtoto mmoja? Tena si wetu?"

"Lori halisubiri, mwenyekiti."

"Na dozi tisa zinazobaki?"

"Saa nane nazimwaga. Labda uniletee watoto tisa."

Mwenyekiti akacheka. "Kijiji hiki? Wote wamechanjwa! Hutampata hata mmoja."

"Basi kazi yako ni ndogo. Pita nyumba kwa nyumba. Ila usiwaulize, mzee wangu. Waambie wakuonyeshe kadi."

Mtoto akachanjwa, mama akawahi lori. Mwenyekiti naye akaondoka, anataka kumthibitishia nesi kwamba amekosea. Alikuta nini, mnadhani? Nyumba ya kwanza, kadi ipo, mahali pa surua patupu: "Wiki ile tulikuwa shambani." Ya pili, kadi imeliwa na mchwa. Ya tatu, mama anashangaa: "Huyu haumwi, sindano ya nini?" Akafika kwake, akamwita mke wa mwanawe.

"Kadi ya mjukuu wangu iko wapi?"

"Baba, si ulisema foleni imejaa wakimbizi, turudi siku nyingine?"

Saa saba na nusu alikuwa zahanati. Nesi akahesabu watoto: kumi na mmoja. Dozi zilikuwa tisa. Kati ya wawili waliobaki, mmoja alikuwa mjukuu wake.

"Fungua nyingine," akasema mwenyekiti.

"Kwa watoto wawili?"

"Fungua, mama."

Sasa niwaulize. Chupa ya kwanza tuliiita hasara. Ya pili tuiite nini? Sisi gharama ya mgeni tunaijua sana. Wiki iliyopita tuliizungumza hapo nje baada ya ibada, na mimi nilikuwemo. Lakini bila mtoto yule mmoja, nani angepita nyumba zile kuomba kadi? Surua ingewakuta watoto kumi na mmoja ambao sote tungeapa kwamba wamechanjwa. Tulidhani Mungu amemleta mgeni aje kupokea. Kumbe alimleta ili sisi tukaguliwe.

Mkitoka hapa msije kuniambia mahubiri yamewagusa. Nendeni mkaangalie kadi.